Suqin Aliyesoma Sauti

Ruan Suqin aliingia kiwanda cha nguo akiwa na umri wa miaka kumi na tisa na masikio mawili mazima. Alitoka humo baada ya miaka ishirini na minane akiwa anabahatisha. Mitambo mia tatu ya kufumia ikinguruma pamoja chini ya paa moja la bati, zamu baada ya zamu, haimwachi mtu salama. Kwanza zilimpotea sauti nyembamba: ndege, birika likichemka, binti yake akiita kutoka chumba cha pili. Kisha zikaondoka za katikati. Alipotimiza miaka hamsini na miwili, watu aliwaona wakifungua na kufunga vinywa kama samaki kwenye beseni la muuzaji, basi.

Wafumaji wenzake wa zamani aliwaelewa, kwa sababu ndani ya kiwanda kile wote walikuwa wakiongea kwa midomo bila sauti, na mdomo wa mfumaji husomeka kama gazeti. Lakini daktari huongea ameinama anaandika. Muuza mboga huongea akitazama mizani. Na mume wake, Shou Genfa, alikuwa na masharubu mazito na tabia ya kuacha maneno yaponyoke pembeni mwa mdomo kama mtu anayetema mbegu. Kifaa cha sikioni alichopewa hospitalini kilimletea kelele tu, kama mtu anayekaanga chumvi karibu na ubongo, akakitupa kwenye droo.

Kilichowapa watu wa kichochoro chao hapo mjini Shaoxing cha kutania ni kwamba Genfa aliishi kwa masikio. Alikuwa fundi mkuu wa mvinyo wa mchele. Kazi yake ilikuwa kuinama juu ya mapipa ya udongo majira ya baridi, kutega sikio, na kusema pipa hili likorogwe sasa hivi, lile liachwe mpaka alfajiri. Hata baada ya kustaafu walikuwa wakimwita kila mwaka. "Nyumba ile," majirani walisema, "ina masikio manne, ila yaliyoajiriwa ni mawili."

Mume na mke waliongea kwa ubao mdogo uliotundikwa jikoni. Genfa aliandika: NAENDA SOKONI. Au: LINGXIA KAPIGA SIMU, MZIMA. Kwa miaka kumi na sita ndoa yao iliendeshwa kwa chaki, na chaki haichukui maneno mengi.

Lingxia, binti yao wa pekee, alikuwa mwalimu wa hesabu huko Hangzhou. Sikukuu ya mwezi mpevu ya mwaka ule alikuja na keki za mwezi na kisanduku cheusi alichokiweka mbele ya mama yake.

"Vaa, Mama."

Suqin akakifungua. Ndani mlikuwa na miwani ya kawaida tu, fremu nyeusi, mikono yake minene kidogo.

"Macho yangu hayana shida," akasema kwa sauti ile ya juu ya mtu asiyejisikia.

Lingxia akachukua chaki. SI YA MACHO. NI YA MASIKIO.

"Basi aliyekuuzia kakuona mjinga. Masikio yapo huku," akajigusa, "na macho yapo huku. Mwalimu mzima hujui?"

Genfa akacheka mpaka akaweka chini vijiti vyake. Lingxia hakubishana. Akamvisha mama yake miwani, akabonyeza kitu kwenye simu, akarudi nyuma hatua mbili na kusema jambo. Chini ya kioo, mbele ya jicho la kulia, kama maandishi juu ya maji, zikatokea herufi ndogo za kijani: *Mama, unayaona maneno haya?*

Suqin akautazama mdomo wa binti yake. Akazitazama herufi. Akatazama tena mdomo.

"Sema tena."

*Mama, unayaona maneno haya?*

"Sema kingine. Kitu nisichokijua."

Lingxia akafikiri. *Kila mwaka bata wako unamzidisha chumvi.*

"Ee!" Suqin akapiga meza. "Miaka yote hiyo mnakula mnatikisa vichwa, kumbe mnaumia! Baba Lingxia, ni kweli?"

Genfa akajibu jambo. Kioo kikaandika: *Bata wa shangazi anapika mlima.*

Suqin akakisoma kwa sauti, na Lingxia akaanguka kwenye kiti kwa kucheka. Hapo ndipo ilipobainika kwamba ile akili mnemba ya miwani ilikuwa imesoma Kichina cha shuleni, kile cha watangazaji, na Lingxia alikuwa akikisema vizuri kwa sababu ya kazi yake. Lakini Genfa hakuwahi kusema chochote isipokuwa Kishaoxing cha kichochoroni. Ilibidi achukue chaki: NIMESEMA BATA NI MTAMU.

"Mwongo," akasema Suqin kwa furaha.

Chakula kilipokuwa kinaendelea, baba na binti wakaanza kubishana. Lingxia alishikilia kwamba miaka michache ijayo kila mtu atavaa miwani ya namna hiyo kama leo anavyobeba simu. Itamwonyesha mtu njia, itamtafsiria mgeni, itamkumbusha dawa, na asiyekuwa nayo ataonekana kama aliyetoka bila viatu. Genfa alitikisa kichwa, akajibu, na kwa sababu kioo kilidai kwamba amesema jambo kuhusu ngamia wa posta, akaamka kwenda ubaoni: WATU WATASOMA BADALA YA KUTAZAMA NJIA. MIFEREJI YETU ITAJAA WATU.

Suqin hakuingia upande wowote. Alikuwa anawatazama wote wawili, mmoja kwa herufi, mwingine kwa chaki, na moyoni alikuwa anajua jambo moja tu: kwa mara ya kwanza tangu masikio yake yaishe, ugomvi wa mezani ulikuwa unamfikia ukiwa bado wa moto.

Lingxia aliporudi kazini, Suqin akaenda sokoni na miwani yake. Muuza kaa, mwanamke mnene wa Keqiao ambaye siku zote humwonyesha vidole tu, alimwona akamwambia kitu kirefu. Kioo kikaandika: *Shangazi, babu yangu ni mkubwa, amekamatwa leo asubuhi, mchukue akiwa hai.*

Suqin akashikilia ukingo wa beseni. Alicheka mpaka machozi yakaingia chini ya miwani. Muuza kaa alipoambiwa alichokisema, naye akachutama chini akicheka, na wauza samaki wa jirani wakaja kuuliza kuna nini, kila mmoja akitaka aambiwe yeye kasema nini. Mmoja alikuwa ameuliza bei ya tangawizi, ikaandikwa kwamba mama mkwe wake ameota mkia. Suqin alirudi nyumbani na kaa wawili aliopewa bure na mbavu zinazouma, akampigia Lingxia simu ya picha.

"Huyu wako ni mgeni hapa," alisema. "Hajui lugha ya watu."

Lingxia akamwambia kuna namna ya kuifundisha. Anatakiwa mtu mmoja aliyezaliwa hapo, aongee nayo nusu saa kila siku kwa siku kumi. Sauti ya Suqin mwenyewe isingefaa. Kwa kuwa hakuisikia muda mrefu, ilikuwa imeshapotea njia. Wote wawili wakamtazama Genfa, ambaye alikuwa mlangoni akijaribu kuondoka polepole.

"Mimi?" akasema. Huo mdomo Suqin aliusoma hata kwa masharubu.

Alipangiwa uani, nyuma ya nyumba. Akaitundika miwani kwenye mdomo wa gudulia tupu la mvinyo, akavuta kigoda, akakaa mbele yake na mikono juu ya magoti kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Suqin alimchungulia kupitia dirisha la jikoni. Siku ya kwanza hakusema lolote kwa dakika kumi nzima. Kisha masharubu yakacheza kidogo, yakatulia. Siku ya pili yakacheza zaidi. Kufikia siku ya sita Suqin alikuwa akimwona mume wake akiongea mfululizo, mkono mmoja ukipanda na kushuka, kama mtu aliyekutana na rafiki wa utotoni kituoni.

"Unamwambia nini?" alimuuliza.

Genfa akaandika: HALI YA HEWA.

Siku ya nane Suqin alikuwa na simu mkononi akitafuta namna ya kukuza herufi. Akabonyeza pasipo penyewe, na ukafunguka ukurasa wenye tarehe nane, moja chini ya nyingine. Kumbe kila kilichosemwa uani kilikuwa kimeandikwa na kuhifadhiwa.

Ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. *Jaribu, jaribu. Farasi amekula Jumatano. Sijui niseme nini kwa mguu wa meza.* Suqin akatabasamu. Siku ya tatu mambo yalikuwa yameanza kunyooka: *Mwaka huu machipukizi ya mianzi si matamu. Jirani Baodi amemfokea mtu wa posta tena.* Na siku ya tano ilianza hivi: *Lingxia anasema niseme lolote, hakuna anayesikia, ni mashine tu. Haya. Nitasema.*

Suqin akavuta kiti, akakaa.

*Mwaka wa themanini nilipeleka magudulia ya mvinyo kwenye sherehe ya kiwanda cha nguo. Zamu ilikuwa inabadilishana. Wakatoka wasichana kama mia, wote nyusi nyeupe kwa pamba, kama kundi la vikongwe. Mmoja akacheka, pamba ikamdondoka nyusi moja tu. Nikasahau kwamba nimeshika mkokoteni. Magudulia mawili yakavunjika. Msimamizi nilimwambia barabara mbaya, na yule msichana mwenyewe pia nilimwambia hivyo hivyo, mpaka leo.*

Chini yake:

*Masikio yake yalipoisha nilidhani amenikasirikia. Namwita, hajibu. Na mimi nikanuna. Miezi mitatu nimenuna. Mimi ninayesikia pipa likipungukiwa na joto kidogo tu, sikusikia kwamba mke wangu hasikii. Hilo sijamwambia mtu.*

Na chini zaidi, siku ya saba:

*Kila nikiingia nyumbani nasema nimerudi. Kila siku. Sijui kwa nini, mdomo umezoea. Halafu akiwa anakata mboga amenipa mgongo, ndiyo saa yangu ya kumsimulia. Namsimulia yote. Mgongo wake unasikiliza vizuri kuliko watu wengi.*

Suqin alisoma mara moja, mara mbili, mara nne. Wali ukaungua, naye akausikia kwa pua, akazima jiko, akarudi kusoma. Kwa miaka kumi na sita alikuwa amejiambia kwamba alikuwa ameolewa na mtu mwema asiye na la kusema, na alikuwa ameridhika. Sasa alijiona kama mtu aliyekaa miaka yote hiyo mbele ya mlango wa chumba chake mwenyewe asijue kuna chumba. Akacheka pale kwenye mkokoteni. Pale kwenye miezi mitatu akafunika uso kwa aproni. Kisha akafunga ukurasa, akairudisha simu ilipokuwa.

Siku kumi zilikwisha. Siku ya kumi na moja jioni alikuwa jikoni akikata kitunguu cha majani, miwani usoni, mgongo ukiuelekea mlango, hivyo aliyeingia asingeiona. Herufi za kijani zikatokea juu ya ubao wa kukatia.

*Nimerudi.*

Kisu kikasita kidogo tu, kikaendelea.

*Nje ukungu umeshuka mpaka kwenye daraja. Nimenunua kaa sita, wale wa babu yangu mkubwa. Jirani Juhua anasema Jumamosi tukacheze vigae kwao. Goti la kulia linanisumbua tangu jana, lakini nikikuandikia utanipeleka kwa daktari, basi nimenyamaza. Hiyo sweta inakupendeza. Niliwahi kukuambia?*

Suqin akasubiri mpaka herufi zikaisha zote. Bila kugeuka, akasema:

"Hujawahi. Na hilo goti lipake mafuta ya kafuri, yapo droo ya pili. Na mwaka wa themanini, Baba Lingxia, haikuwa barabara mbaya."

Alipogeuka, mfuko wa kaa ulikuwa umeshaanguka sakafuni. Kamba ya mfuko ilifunguka, na kaa sita wakatawanyika jikoni, mmoja chini ya kabati, wawili kuelekea uani, mmoja akipanda kiatu cha Genfa, naye hamwoni. Alikuwa mwekundu kutoka shingoni hadi kwenye upara.

"Umesoma," akasema.

*Umesoma,* kioo kikaandika, sahihi kabisa, kwa Kishaoxing safi.

"Nimesoma yote. Shika huyo anatoka mlangoni!"

Wazee wawili, mmoja miaka sabini na mmoja, mwingine sitini na minane, wakapiga magoti sakafuni wakifukuza kaa kwa ungo na kifuniko cha sufuria, goti bovu likasahauliwa. Watano walipatikana. Wa sita alionekana kesho yake ndani ya kiatu cha mvua. Walipomaliza, Genfa alibaki amekaa chini, ameegemea kabati, akaanza kuongea. Aliongea kaa wakichemka, akaongea wakiliwa, akaongea wakipoa. Betri ya miwani ikaisha katikati ya habari ya msimamizi fulani wa kiwanda cha mvinyo na mbuzi wake. Mara moja akaamka, akachukua chaki, akaendelea ubaoni, akafuta, akaandika tena, mpaka chaki ikabaki unga kwenye vidole.

Jumamosi wakaenda kwa Juhua kucheza vigae, ule mchezo wa mezani wa vipande vidogo vyenye picha na majina ya pepo. Meza ilikuwa ya watu wanne: Suqin, Juhua, mume wa Juhua aliyeitwa mzee Qian, na Jin Baodi, mfumaji mwenzao wa zamani, mwanamke mwenye kifua kipana na ulimi mrefu zaidi kichochoroni. Genfa alikaa pembeni na chai yake.

"Vua hiyo!" Baodi akasema hata kabla ya kukaa. "Mitambo ya siku hizi ina macho. Itamsomea vigae vyangu."

"Vigae vyako vinasomeka usoni bila miwani," Suqin akajibu.

"Juhua, unamsikia? Zamani alikuwa kiziwi mwenye adabu!"

Wakapigiana kelele, wakapiga kura, na miwani ikaruhusiwa kwa kura tatu dhidi ya moja. Mchezo ukaanza. Suqin alikuwa na raha isiyo na kifani. Zamani, mtu akiinamisha uso tu, alikuwa ameshampoteza. Sasa hata mzee Qian, anayeongea ndani ya kikombe chake cha chai, alikuwa anamfikia bila kupungua. Na kwa sababu maneno ya kila mtu yalikuwa yanapita mbele yake kwa maandishi, la huyu chini ya la yule, akaanza kuona jambo ambalo wenzake hawakuliona.

Mzee Qian, mdomo ndani ya kikombe: *Baodi, mjukuu wako kapona?*

Baodi: *Kwa mvuke, na tangawizi nyingi.*

Meza ikacheka. Baodi siku zote ana vichekesho. Naye akacheka kuliko wote.

Juhua, ameinama kuokota kigae: *Mwanao bado yuko Ningbo?*

Baodi: *Usinikumbushe, ghali siku hizi!*

Wakacheka tena. Suqin hakucheka. Alizijua hila hizo moja moja, kwa sababu alizitumia mwenyewe miaka yote ile alipokuwa anazama: kucheka wengine wanapocheka, kuongea sana ili usiulizwe, na kumfokea mtu wa posta kabla hajasema lolote. Jibu lisilolingana na swali hupita likiwa hewani, lakini likiandikwa chini ya swali lake halina pa kujificha.

Mchezo ulipokwisha aliwaacha wengine watangulie, akatembea na Baodi kando ya mfereji. Kwenye daraja akasimama, akapandisha skafu mpaka puani.

"Baodi," akasema nyuma ya kitambaa, "umekuwa kiziwi tangu lini?"

"Kabisa, kabisa," akajibu Baodi. "Na bado haijafika baridi yenyewe."

Suqin akashusha skafu, akarudia swali lile lile kwa mdomo wa kiwandani, taratibu, bila sauti.

Baodi akawaka. "Kiziwi ni wewe!"

"Mimi ndiyo. Wewe je?"

Baodi akatazama nyuma, kuona kama kuna anayewasikia. Akajikalisha kwenye ngazi ya jiwe ya daraja.

"Mwaka wa pili sasa," akasema. "Kushoto kumekwisha. Kulia ni kama watu wako ndani ya godoro."

"Mbona umeficha, dada?"

"Nilikuona wewe!" Baodi akapandisha sauti. "Mezani walianza kukuruka. Wanakuongelea na wewe upo. Mimi mwenyewe nilikuwa nakuruka, Suqin. Nilikuwa naona uvivu kukugeuzia uso."

Hilo Suqin alikuwa akilijua siku nyingi. Kuna mwaka aliumia nalo sana. Aliliangalia sasa, pale kwenye daraja, akaona kwamba limekauka. Akavua miwani yake, akamwekea Baodi puani, akairekebisha nyuma ya masikio, kisha akapandisha tena skafu.

"Jin Baodi," akasema humo ndani, "ni mwizi. Mwaka juzi aliiba kigae cha upepo wa mashariki."

Macho ya Baodi yakakimbia kwenye kioo kutoka kushoto kwenda kulia. Mdomo ukafunguka.

"Sikuiba! Kiliingia chenyewe kwenye mkono wa koti!"

Kisha akagusa fremu kwa vidole viwili. "Suqin. Umeufunika mdomo wako."

"Nimeufunika."

"Sema kingine."

Suqin akakumbuka kwamba hata yeye alisema hivyo hivyo, akaanza kucheka nyuma ya skafu, na kioo, ambacho hakijui kuandika kicheko, kikaandika tu *kicheko*. Baodi akalisoma neno hilo kwa sauti, akacheka naye, na muuza tofu ya kunuka, ile jibini ya soya, aliyekuwa upande wa pili wa mfereji akasimamisha mkokoteni kuwatazama wanawake wawili wazima wakishikiliana wasianguke majini.

Kabla ya mwaka mpya mtoto wa Baodi alikuwa amemletea mama yake ya kwake, ya fremu nyekundu, kwa kuwa nyeusi Baodi alisema ni ya wahasibu. Lahaja haikumsumbua tena. Lingxia alihamishia humo yote aliyofundisha Genfa, hivyo mashine ya Baodi nayo ikaelewa Kishaoxing kwa sauti ya fundi wa mvinyo. Majira ya kuchipua yalipofika, kichochoro kizima kilikuwa na miwani minne, na Suqin alikuwa ndiye mwalimu. Aliwaambia wanafunzi wake ukweli wote. Mvuke wa sufuria utakufunika. Watu watatu wakibishana pamoja itachanganya maneno yao kama mboga. Betri itakufia pale pale habari inapokolea. Na yeye mwenyewe, asubuhi akitembea kando ya mfereji, aliiacha mezani, kwa sababu kimya chake alikuwa ameshakizoea na kulikuwa na saa alikitamani.

"Si nilikuambia, Mama," Lingxia alimwandama kwenye simu, "kila mtu atavaa?"

"Baba yako havai. Juhua havai. Wewe mwenyewe uliyeileta huvai."

"Bado tu. Itakuwa ya lazima, utaona."

"Nyinyi endeleeni kubishana kama itakuwa ya lazima," Suqin akasema. "Mimi nimeshafika, nimeshavua viatu, nimeshakaa."

Mwezi wa tatu kilikuja kikundi cha opera, wanawake peke yao kama ilivyo desturi ya opera ya huko, kikasimamisha jukwaa kwenye ukumbi wa mtaa. Suqin na Baodi wakachukua viti vya mstari wa tatu, mfuko wa mbegu za tikiti katikati yao. Miwani ilishindwa na uimbaji tangu ubeti wa kwanza; mwanamfalme alipokuwa akilia kwa ajili ya mpenzi wake, kioo kilidai kwamba anaomba siki. Haikuwaharibia kitu. Nyimbo zile walizijua kwa moyo, waliziimba kwa midomo kiwandani miaka na miaka. Ila miwani, iliposhindwa na jukwaa, ikageukia ukumbi. Ikawa inawaandikia maneno ya watu.

"Umeona?" Baodi akasema. "Mwanamke wa koti la kijani anasema mkwe wake hajui kupika wali."

"Nimeona. Na yule wa nyuma yake anasema kofia ya mwanamfalme ni ya mwaka jana."

"Kweli ni ya mwaka jana! Imechanika pale pale!"

"Tazama, tazama, mzee wa pembeni anamwomba mkewe waondoke."

"Na mkewe anasema aondoke peke yake!"

Wakawa wanacheka, wakigusana kwa viwiko, wakitema maganda, na kwa kuwa hakuna kati yao aliyejisikia, walidhani wananong'ona. Ukumbi mzima ulikuwa unawasikia kuliko mwanamfalme. Mstari wa nne, mwanaume mmoja mwenye shingo nene alivumilia mpaka akashindwa, akamwinamia jirani yake na kusema taratibu, kwa sauti ya chini kabisa.

*Hawa vikongwe wawili viziwi watanyamaza lini?*

Maneno yakatokea kwenye vioo vyote viwili kwa wakati mmoja. Suqin na Baodi wakageuka pamoja, taratibu, fremu nyeusi na fremu nyekundu, wakamtazama.

"Mapumziko yakifika," akasema Baodi.

"Tukipata chai," akasema Suqin, na akamnyooshea mfuko wa mbegu.

Yule mwanaume akauchukua kwa mikono miwili, kwa heshima zote, na jirani yake akaziba uso kwa kofia akitetemeka kwa kicheko.